Tamthilia za Kukesha Nazo, na Ile Ambayo Bado Hatujaiandika

Ukifika kwenye kibanda chochote cha muvi pale Tarime mjini, au kule Mugumu, utasikia ombi lile lile. Kijana anatoa flashi mfukoni, anaiweka mezani, anasema, "Kaka, nirushie sizoni kali." Hataji jina wala nchi. Anachotaka ni kitu cha kumkesha. Muuza muvi naye haulizi mengi. Anajaza flashi, anapokea hela yake, basi. Huo ndio uhakiki wa tamthilia tulio nao huku kwetu: neno moja tu, "kali".

Mimi sina ugomvi na neno hilo. Lakini ndugu msomaji, sisi tunaojidai kushika kalamu hatuna budi kuuliza zaidi: kali kwa nini? Maana kukesha na tamthilia, sehemu moja baada ya nyingine mpaka jogoo awike, ni mtihani mgumu kuliko ule wa mwalimu yeyote wa fasihi. Anayetazama nusu saa kila jioni husamehe. Akichoka analala, na kesho keshasahau. Anayekesha hasahau. Anakumbuka kwamba saa nne usiku mhusika alilia akaapa hatarudi kwa yule bwana, na sasa ni saa nane analia na kuapa vile vile, na bado yuko pale pale. Uongo wote wa mwandishi unaonekana kabla hakujapambazuka.

Nimekesha na nyingi, nyingine nikijuta. Kwa mtazamo wangu, tamthilia ya kukesha nayo ni ile inayokuvuta sehemu inayofuata kwa sababu yupo mtu anayetakiwa kuamua jambo, na wewe unamjua kiasi cha kuogopa uamuzi wake. Ile inayokuvuta kwa kukuficha siri tu, ukishaijua siri unaona umeibiwa usingizi wako.

Tuanze na ile iliyotufundisha wengi kukesha, yaani Jumong ya Korea Kusini. Ilirushwa kwao mwaka 2006 hadi 2007, sehemu 81, na huku ilizunguka kwa CD na baadaye kwa flashi mpaka watoto wakageuza miti kuwa mapanga. Wengi wanaikumbuka kwa vita. Mimi naikumbuka kwa jambo moja. Jumong anaanza akiwa mwana wa mfalme asiye na faida, mwoga, kichekesho cha kaka zake. Huko gerezani anakutana na mfungwa kipofu, Haemosu, ambaye anamfundisha kupigana. Kumbe huyo kipofu ni baba yake mzazi. Baba hajui, mtoto hajui. Sisi watazamaji tunajua!

Hebu fikiria mwandishi mvivu angefanya nini hapo. Angetuficha na sisi, halafu angetushtua kwa ngoma na radi. Tungeshtuka mara moja, tukaendelea na chai. Hawa walituambia mapema, na kila mara kipofu aliposhika mkono wa yule kijana kumrekebisha upanga, sisi tulikuwa tunasema na luninga: "Jamani, mwambieni!" Hicho ndicho kilichotukesha. Mwandishi hakutuficha kitu, alitubebesha tu mzigo wa kujua.

Sasa nije nyumbani. Najua nikitaja tamthilia zetu za kila siku wapo watakaonifuata mpaka kwetu. Chukua Jua Kali ya Leah Mwendamseke, yule tunayemwita Lamata, iliyoanza kuonekana Maisha Magic Bongo mwaka 2021. Naifagilia. Watu wake wanazungumza Kiswahili cha watu wazima wanaogombana kweli, si kile cha jukwaani. Lakini siwezi kukushauri ukeshe nayo, na kosa si la Lamata. Tamthilia ya kila siku imetengenezwa kwa ajili ya mama aliyekuwa jikoni jana akakosa nusu. Lazima jambo lirudiwe, lazima fulani amsimulie jirani kile tulichokwisha kukiona. Ni kama hadithi za magazeti walizosoma baba zetu, zile za "itaendelea" za wiki hata wiki. Mwandishi wake alijua kwamba gazeti la wiki iliyopita limeshafungia maandazi, kwa hiyo alikumbusha kwanza ndipo akaendelea. Ukiyakusanya yote ukasoma kwa mkupuo, vikumbusho vinakuchosha. Kwa hiyo Jua Kali itazame kama ilivyokusudiwa: kidogo kidogo, na watu wa nyumbani, mkibishana.

Tamthilia ya Kitanzania ninayokushauri ukeshe nayo ni Siri ya Mtungi. Ilianza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka 2012, ina misimu miwili, na aliyeiongoza ni Jordan Riber. Inamhusu Cheche, kijana mpiga picha wa Bagamoyo, na watu wanaomzunguka, akiwemo Masharubu, mzee mwenye wake zaidi ya mmoja na maneno matamu kwa kila mmoja wao. Bagamoyo yenyewe imepigwa picha kama mtu anayependwa: kuta zilizobanduka chokaa, mashua, jua la jioni. Ukiwa mtu wa bara kama mimi unatamani kwenda kukaa.

Ila tuseme ukweli. Siri ya Mtungi ilitengenezwa kwa fedha za watu wa Marekani kupitia USAID, ikiwa na kazi maalumu: kutufundisha uzazi wa mpango, kujikinga na Ukimwi, kuwa waaminifu kwenye ndoa. Ni dawa iliyotiwa kwenye asali. Mara nyingi asali ni nzuri kiasi kwamba dawa unaimeza bila kujua. Cheche anapotamani maisha makubwa kuliko studio yake ndogo, na ndoa yake inaanza kulipia tamaa hiyo, pale hakuna mfadhili wala nini. Pale yupo kijana, na wewe unamjua kwa sababu unatamani hayo hayo. Lakini zipo dakika ambapo mtu anafungua mdomo na kinachotoka ni bango la zahanati. Ukikesha unazisikia zote. Ni kama jiwe kwenye wali.

Sisemi haya kwa dharau. Bila fedha zile tusingekuwa na tamthilia iliyopigwa kwa uangalifu ule. Lakini USAID imefungwa mwaka 2025. Aliyezoea kuandika hadithi kwa kujibu tangazo la mfadhili sasa anajiuliza ataandika nini, kwa ajili ya nani. Swali hilo ni zuri. Tungelijiuliza mapema zaidi.

Nikitoka Bagamoyo narudi huku kwetu, maana na sisi tumewahi kuonekana kwenye luninga ya dunia nzima. Ipo tamthilia inaitwa Serengeti, ya BBC, ya mwaka 2019. Msimu wa kwanza una sehemu 6. Uingereza ilisimuliwa na John Boyega, Marekani ikasimuliwa na Lupita Nyong'o. Wahusika wana majina ya Kiswahili. Kali, simba jike aliyetengwa na kundi lake, analea watoto peke yake. Bakari ana majonzi ya mapenzi. Zalika anaingizwa kwenye uongozi akiwa bado mdogo. Bakari ni nyani, Zalika ni fisi.

Usicheke. Wapo waliolalamika kwamba wanyama wamepewa hisia za watu, lakini mimi nakushauri uitazame, tena usiku mmoja, ukiwa na daftari. Waliokata zile picha wanajua kazi. Kali anasimama kwenye nyasi: mbele yake kuna nyama, nyuma yake kuna watoto. Aende au abaki? Huo ni uamuzi. Mnyama asiyesema neno amekuweka macho kuliko wahusika kumi wanaopayuka sebuleni.

Kinachoniuma ni kingine. Serengeti si mbuga tu, ni wilaya pia. Wapo Waikoma, Wanata, Waishenyi, Wangoreme, Wakurya. Wapo watu ambao tembo akivuka mpaka wa hifadhi usiku, asubuhi hawana mahindi. Katika tamthilia ile majina yetu yamepewa nyani na fisi, na wenye majina hawapo. Simlaumu Mwingereza, alikuja kutafuta wanyama akawapata. Najiuliza sisi wenyewe tulikuwa wapi.

Swali hilo ndilo lililonifanya nikeshe mara mbili na Country Queen. Hii ni ya Kenya, ng'ambo tu ya Sirari, na ndiyo tamthilia ya kwanza ya Kenya yenye chapa ya Netflix. Ilitoka Julai 2022, sehemu 6. Akisa, msichana aliyekimbia kijiji akajijengea maisha Nairobi, anarudi nyumbani baada ya miaka kumi. Anakuta kampuni ya dhahabu inaitwa Eco Rock inataka ardhi ya kijiji chao. Kumbe mwanamume aliyekuwa naye kimapenzi huko mjini ni mume wa Vivienne, bosi wa kampuni ile ile.

Mhakiki mkali atasema hiyo ni bahati mbaya iliyotengenezwa: Nairobi yote ile, ampate huyo huyo? Ni kweli. Lakini angalia kazi inayofanya. Akisa hawezi kusimama mbele ya wazee akasema yeye ni msafi na kampuni ni chafu. Mkono wake umo. Akiwatetea wazazi wake anajifichua mwenyewe. Hapo ubaya wa kampuni unageuka uamuzi wa mtu mmoja tunayemjua.

La pili la kujifunza ni lugha. Kijijini wanasema Kikamba, barabarani Kiswahili, ofisini Kiingereza, na kila lugha inakuja na cheo chake. Hakuna anayekuja kutueleza hilo, tunalisikia tu. Sasa fikiria Nyamongo: bibi anasema Kikurya, sokoni Kiswahili, kwenye geti la mgodi Kiingereza. Sisi tukiandika tunawapa wote Kiswahili cha mtihani wa kidato cha nne. Nami ni mkosaji.

Kasoro zake zipo. Sehemu 6 ni chache, na baadhi ya wanakijiji wanapita tu kama abiria. Lakini haitakuibia usingizi wako.

Dhahabu si ngeni kwenye luninga. Wakubwa wetu wanaikumbuka Isidingo ya Afrika Kusini iliyoonyeshwa ITV, iliyoanza kwao mwaka 1998 na kukoma mwaka 2020. Mwanzoni mambo yake yalizunguka mgodi wa dhahabu wa Horizon Deep. Kwa hiyo tumetazama mgodi wa Afrika Kusini, tumetazama wa Kenya wa kubuni, ilhali mgodi wa North Mara umekuwa ukizalisha hapa Tarime tangu mwaka 2002. Mei 2011 watu waliuawa pale kwa risasi za polisi. Magazeti ya dunia yaliandika, kisha habari ikapoa. Habari hupoa upesi. Hadithi ndiyo inayobaki na moto, na hiyo hatujaiandika.

Nasema hatujaiandika, nikijihesabu. Nina madaftari matatu ya riwaya kuhusu Nyamongo. Baada ya Country Queen niliyasoma yote usiku mmoja, kama mtu aliyeazima kazi ya mwingine. Wee acha tu. Kosa nililiona kabla ya saa saba: adui katika riwaya yangu ni mgodi. Mgodi unanguruma, mgodi unameza, mgodi hausikii. Kurasa mia na zaidi! Lakini mgodi hauna mama, haukosi usingizi, hauwezi kuamua kitu. Mlinzi anaweza. Mlinzi aliyesoma darasa moja na kijana anayeruka ukuta usiku kutafuta mawe, wakakutana kwenye mwanga wa taa, wakajuana. Huyo nilimpa mistari minne tu.

Na si dhahabu peke yake. Yupo mama mjane wa Kikurya anayeoa binti kwa desturi ya nyumba ntobhu ili apate wajukuu, na yupo huyo binti. Yupo mama anayeiona njia ambayo mwanawe atatorokea Desemba, kuelekea nyumba salama ya Mugumu, akikimbia wembe wa ukeketaji; ainyamazie au akawaambie wazee? Yupo mzee anayetakiwa kusema kweli mbele ya ritongo huku ng'ombe wa wizi wako zizini kwa ndugu yake. Kila mmoja wao ana usiku mzima ndani yake. Wahisani wakija wanawaandika kama mafunzo, na watalii wakija hawawaoni kabisa.

Basi ukienda kibandani wiki hii, usiombe "sizoni kali" tu. Taja jina. Tazama Jumong, uone jinsi ya kumbebesha mtazamaji siri. Tazama Siri ya Mtungi, uhesabu ni mara ngapi bango la zahanati linasema badala ya mtu. Tazama Serengeti, ujifunze kunyamaza. Halafu mtafute mwenye Netflix uimalizie Country Queen, hata kama itabidi umbebee maji wiki nzima. Kisha chukua kazi yako mwenyewe, ikeshe nayo kwa mkupuo, bila huruma. Ukisinzia, jua na msomaji atasinzia.

Mimi nimeanza upya. Madaftari matatu nimeyaweka juu ya kabati. Niko sura ya pili: taa imewaka, kijana yuko juu ya ukuta na jiwe kifuani, na mlinzi amemwita kwa jina lake. Bado hajaamua.