Swali la Mpemba

Watafiti wa vijana na sayansi wana desturi ya kuanzia nyumbani: baba kasoma hadi wapi, mama anafanya kazi gani, vitabu ni vingapi. Huko Uingereza, Louise Archer na wenzake walianza mwaka 2009 kuwafuatilia watoto tangu umri wa miaka 10, katika utafiti uitwao ASPIRES. Waliona kuwa wengi walilipenda somo la sayansi, lakini kama 15 tu katika kila 100 walitamani kuwa wanasayansi. Tofauti waliieleza kwa kile walichokiita mtaji wa sayansi: kuwa na ndugu aliye katika kazi hiyo, maongezi ya nyumbani, kutembelea makumbusho. Sibishani nao. Mtoto wa nyumba kama hiyo huingia kwenye maonyesho ya sayansi kama anayeingia kwa shangazi yake.

Ninalolilalamikia ni kwamba mizani ya namna hii hupima kilichomo katika nyumba za wenye nacho, kwingineko ikaandika sifuri.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi katika jokofu ilikuwa ya kugombaniwa. Kwa kuogopa kuikosa, alitia maziwa yake yangali moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Lakini rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga hakushangaa hata kidogo. Naye alikuwa akitia ya moto ili igande upesi.

Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, walitembelewa na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Ziara kama hiyo ndiyo hasa tunayoizungumzia: msomi kuwafuata wanafunzi shuleni kwao. Mpemba akauliza swali lake, wenzake wakamcheka. Osborne alilichukua, akamwagiza fundi wa maabara alijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. (Ubishi haujaisha, mwaka 2016 Burridge na Linden waliandika kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha.)

Swali lile halikutoka katika rafu ya vitabu. Lilitoka katika jokofu lisilotosha na kwa mchuuzi wa Tanga. Hojaji gani ingempa alama kwa hayo? Hata mashindano yetu, kama yale ya Young Scientists Tanzania yaliyoanzishwa mwaka 2011 kwa kufuata mfano wa Ireland, huwakutanisha majaji na kazi iliyokwisha kukamilika, na katika kukamilisha ndipo mwenye kompyuta na mjomba mhandisi humpita mwenzake. Osborne alikutana na swali bichi.

Makala yalipotoka, Mpemba alikuwa chuoni Mweka, akisomea wanyamapori.