Shimo la Matete

Wahunzi wa Ulaya walitengeneza feleji kwa karne nyingi kabla wasomi wao hawajajua kwa nini inakuwa ngumu kuliko chuma cha kawaida. Jibu lilitolewa Paris mwaka 1786, Vandermonde, Berthollet na Monge walipoeleza kuwa siri ni kaboni. Tangu 1620 Francis Bacon alikuwa amewahimiza wasomi waheshimu kazi za mafundi na waulize maumbile kwa majaribio.

Huku Buhaya, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ushauri huo ulifuatwa mwaka 1976. Mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery, wote wa Chuo Kikuu cha Brown, waliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe tena chuma, kazi ambayo majembe ya kununua yalikuwa yameiua miongo mingi nyuma.

Wazee walianza chini. Walichimba shimo, wakalikandika udongo wa kichuguu, kwa kuwa udongo huo unastahimili moto. Kisha wakalijaza matete ya bwawani, wakiyachoma fungu kwa fungu hadi yakawa makaa mepesi. Juu ya shimo wakasimamisha tanuru la mavi ya chuma ya zamani yaliyoshikizwa kwa udongo, wakapenyeza mirija minane ya udongo, kila mmoja na mvukuto wake wa ngozi ya mbuzi. Mtapo ulikuwa umekwisha kuchomwa kwa kuni. Ukamiminwa pamoja na mkaa, na mivukuto ikapigwa kwa zamu, saa baada ya saa.

Matete hayo ndiyo yanayonishangaza. Mtapo ukiyeyuka hutiririka katikati yake, ukagusa kaboni kila upande. Chuma kilichobaki ndani ya mavi kinajitenga, na sehemu ya bonge la chuma linalojikusanya inakunywa kaboni hadi kuwa feleji. Ni jambo lile lile la Paris, ila hapa halikuandikwa: lilipangwa ndani ya shimo.

Tena halikupatikana kwa mkupuo mmoja. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu wazee hao waache kazi, na majaribio ya mwanzo yaliwagomea. Walijadiliana, wakabadili hiki na kile, wakawasha tena. Sioni tofauti kati ya subira hiyo na subira ya maabara, na nadhani tunakosea tunapoiita kumbukumbu tupu ya mila. Ziko dawa na miiko iliyoandamana na tanuru, ndiyo. Lakini aliyebadilisha kitu baada ya bonge kuharibika alikuwa anafikiri kwa sababu na matokeo.

Schmidt na Avery walitangaza kazi hiyo mwaka 1978 katika jarida la Science. Walidai kuwa mirija iliyoingia ndani ya tanuru ilipasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa, mbinu ambayo James Neilson wa Glasgow aliipatia hataza mwaka 1828. Mwaka 1986 J. E. Rehder aliwapinga kwa hesabu za joto, na wengine wakamfuata. Ni vizuri kwamba walipinga; sifa ya wahunzi wetu haihitaji kukingwa na maswali. Mzozo huo hauligusi shimo la matete. Kemondo, kusini mwa mji wa Bukoba, wachimbuzi wamefukua matanuru yenye umri wa zaidi ya miaka 1,300, na kwenye mavi yake ya chuma alama za matete bado zinaonekana.