Mwanamke Aliyemkatalia Mfalme Mara Mbili

Mwaka 1786 Mfalme Jeongjo wa Joseon, dola iliyotawala Korea kwa zaidi ya miaka 500, alifiwa na suria wake wa daraja la juu, Uibin wa ukoo wa Seong. Kisha akaandika mwenyewe maneno ya kumbukumbu ya kaburi lake, na humo akakiri jambo ambalo si desturi ya wafalme kuliandika: mwanamke huyu alimkataa. Mara ya kwanza, mfalme akiwa bado mrithi wa kiti, binti alilia, akasema mke halali hajajaliwa mtoto, naye hawezi kumtangulia. Mrithi akanyamaza. Miaka kama 15 baadaye akamwomba tena, akakataliwa tena. Safari hii mfalme akamwadhibu mtumishi wa yule mwanamke, na hapo ndipo mwanamke akakubali.

Rudia kuisoma sentensi hiyo ya mwisho. Mwandishi yeyote wa tamthilia anayetaka kusimulia penzi la wawili hawa lazima akutane nayo. Je, mtu ambaye "hapana" yake inamwangukia mwingine kama fimbo amekubali kweli? Na kama hatuna hakika, hadithi yenyewe tuiite ya mapenzi?

Kituo cha televisheni cha MBC cha Korea Kusini kimemsimulia mwanamke huyu mara mbili, na ukizilinganisha kazi hizo mbili utaona wazi ufundi ulivyobadilika.

Ya kwanza ni Yi San, ya 2007 hadi 2008, yenye sehemu 77, chini ya mwongozaji Lee Byung-hoon, yuleyule wa tamthilia ya Dae Jang Geum. Humo anaitwa Song-yeon. Anakutana na mwana wa mfalme wakiwa watoto, wanakuwa marafiki wa damu, na ukubwani anafanya kazi katika idara ya wachoraji wa kasri. Ana kipaji na ana moyo. Ila vizuizi vyote vya penzi lake vimewekwa nje yake: uduni wa ukoo, siasa za kasri, mama wa mfalme asiyemtaka. Ufundi huo una hila ndani yake. Wengine wakishasema hapana kwa niaba yake, yeye mwenyewe hana tena haja ya kuisema. Ule ukaidi ambao mfalme aliuandika kaburini umepotea, na badala yake tumepewa mwanamke anayesubiri kuruhusiwa. Tena kwenye historia, mama wa mfalme, Bibi Hyegyeong, ndiye aliyemlea binti huyo kasrini.

Ya pili ni The Red Sleeve, iliyoanza Novemba 2021 na kumalizika tarehe 1 Januari 2022. Ina sehemu 17 tu. Imetokana na riwaya ya Kang Mi-kang, imeandikwa na Jung Hae-ri na kuongozwa na Jung Ji-in, na humo Lee Se-young anamcheza mwanamke huyu, sasa akiitwa Deok-im, na Lee Jun-ho anacheza mfalme. Hapa kizuizi kimeingizwa ndani. Anayelizuia penzi ni Deok-im mwenyewe, kwa akili zake timamu.

Jina la tamthilia linatokana na vazi. Watumishi wa kike wa kasri walivaa nguo zenye ncha nyekundu mikononi, na wekundu huo ulimaanisha kwamba mvaaji ni wa mfalme. Waliingia kasrini wakiwa watoto, hawakuolewa, na aliyepatikana na mwanamume mwingine sheria ilimhukumu kifo. Sisi neno tulilonalo ni suria, na nimelitumia hapa, lakini limebeba historia ya pwani yetu na ya Waarabu, ya wanawake walionunuliwa. Suria wa Joseon alikuwa na cheo kilichoandikwa katika sheria za dola, na Uibin alifika cheo cha juu kabisa chini ya malkia. Cheo hicho kilimpa heshima. Mlango wa kutokea hakikumpa.

Sasa tazama kazi ilivyofanywa. Deok-im anakutana na mrithi maktabani bila kumtambua. Anamdhania ni mmoja wa maofisa wanaomfundisha mrithi. Anabishana naye, anamsema mrithi vibaya mbele yake. Kuficha cheo ni mbinu ya zamani, hata ngano zetu zinayo. Lakini hapa imewekwa ili itumike kama kipimo. Tumeisikia sauti ya Deok-im ikiwa huru. Anapoujua ukweli, sauti inashuka, macho yanatazama chini, na tunasikia kwa masikio yetu ukubwa wa pengo kati ya watu wawili hawa. Hakuna mhusika anayelazimika kutueleza.

Lugha nayo inafanya kazi yake. Mbele ya mkubwa, mtumishi wa kasri hasemi "mimi". Husema neno lenye maana ya "mtu mdogo". Akiwa suria, neno hilo hubadilika na kuwa lingine, lenye maana ya mtumishi wa mfalme na mke mdogo kwa pamoja. Kwa hiyo msikilizaji wa Kikorea anausikia mpaka wa madaraka kila Deok-im anapofungua kinywa, hata katika sentensi ya mahaba. Kiswahili hapa kina "mimi" moja tu, na mengi yanapotea.

Kisha mwandishi akampa mali. Deok-im ananakili vitabu kwa malipo na kuwasomea wenzake hadithi. Hili halikubuniwa hewani: Uibin wa kweli alishiriki mwaka 1773 kunakili riwaya ndefu ya juzuu 10 pamoja na dada wawili wa mfalme. Akapewa pia mashoga watatu, Gyeong-hui, Bok-yeon na Yeong-hui, na hapa ndipo moyo wa tamthilia ulipo kwa maoni yangu. Mwanamke mwenye kazi, senti zake na watu wake ana kitu cha kupoteza. Mfalme anapomtaka awe wake, hoja ya Deok-im ni ya mizani: nikikubali, kila kitu changu kitabadilika, na kwako hakibadiliki kitu. Mfalme hana jibu, kwa sababu jibu halipo. Anampenda kweli, na upendo wake haupunguzi uzito upande wowote wa mizani hiyo.

Tamthilia nyingi za aina hii hufungwa penzi linapokubaliwa. Hii inaendelea, na sehemu zinazofuata ndizo ngumu kutazama. Deok-im anakaa chumbani akingoja. Mashoga zake sasa wako chini yake, hawawezi kukaa naye kama zamani. Yeong-hui anauawa kwa kumpenda mlinzi wa kasri. Mwana wa Deok-im, mrithi mpya wa kiti, anakufa kwa surua, na mfalme anamkumbusha wajibu wa cheo chake. Kitandani mwa mauti anawaita mashoga zake kabla ya mfalme. Na mfalme anapofika, anamwomba kwamba wakikutana katika maisha mengine ampite kama asiyemjua. Halafu anaongeza: kama asingetaka kabisa, angetafuta kila njia akakimbia, kubaki kulikuwa uamuzi wake.

Wapo watakaosema kauli hiyo inamsafisha mfalme. Nimeitazama mara nyingi, na sikubali. Uamuzi wa kubaki ni wake, lakini mambo ya kuchagua alipangiwa na wengine, na mwandishi ameyashika yote mawili bila kuliachia moja.

Palipomshinda ni kwingine. Tamthilia inabuni umoja wa siri wa watumishi wa kike, Gwanghangung, wanaotaka kumweka mfalme wamtakaye ili wajilinde. Wazo hilo lilikuwa dhahabu. Lakini umoja huo umegeuzwa genge la waovu wa kushindwa, na hivyo nguvu ya mwanamke mmoja inasifiwa huku nguvu ya wanawake wengi ikiogopwa. Hilo ni kosa la ufundi na la fikra pia, kwa sababu madai yao hayako mbali na ya Deok-im.

Msimu uleule kituo cha KBS kilirusha The King's Affection, iliyotwaa tuzo ya Emmy ya kimataifa mwaka 2022. Yenyewe ilipindua mizani kwa vazi: binti anakalia kiti cha ufalme akijulikana kuwa mwanamume, na mwanamume anayempenda ni mwalimu wake. Inafurahisha sana. Hata hivyo mwishoni binti analazimika kuuacha ufalme ndipo aishi na mpenzi wake, na swali la mizani linabaki palepale.

Ninalo ombi moja kwa wale wanaotafsiri na kusimulia tamthilia hizi kwa Kiswahili, ambao kazi yao naiheshimu. Mfalme anamuuliza Deok-im zaidi ya mara moja kama anampenda, na mpaka anakata roho hamwambii neno hilo. Ndicho kitu pekee ambacho mfalme hakuweza kukichukua. Msimsemee.