Kuufuata Uzi wa Mti

Kila anayeanza kuchonga upinde hutafuta mti ulionyooka. Hupita nyikani akiukagua mkole mmoja baada ya mwingine, na kila anapokuta wenye kombo au mafundo huuacha akaendelea na safari. Hana kosa. Mti usio na tawi kwa kimo cha mtu mzima ni neema, na ukipatikana haukataliwi. Lakini nyika hailei miti ya namna hiyo kwa wingi. Mkole huota vichakani ukigombea mwanga na wenzake, mbuzi na swala huutafuna vichipukizi, moto wa kiangazi huuchoma, shoka huukata nao huchipua upya kutoka kisikini. Mti ulioishi hivyo hauna namna ya kuwa fimbo ya bwana harusi. Namsifu hapa fundi anayeuchukua mti huo huo, akaukalia chini akautazama, kisha akatoa upinde ndani yake. Naamini hakuna anayeujua mti kumzidi.

Kazi yake haieleweki mpaka tujue kinachotokea upinde unapovutwa. Upande wa nje, ule unaoelekea shabaha, ndio mgongo. Huo hutanuliwa. Upande wa ndani, unaomwelekea mpiga mshale, ndio tumbo. Huo hubanwa. Na mti ni mafungu ya nyuzi ndefu zilizolala kuanzia shinani hadi kileleni. Uzi mzima, unaotoka ncha moja ya upinde hadi ncha ya pili, hustahimili mvuto wa ajabu. Uzi uliokatwa njiani, hata kwa mkwaruzo mdogo wa kisu, huinua ncha yake, ukainua na ya jirani, na ufa ukianza hautulii mpaka upinde umekuwa vipande viwili. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya kazi hii ni moja tu: nyuzi za mgongo hazikatwi. Kwa miti mingi fundi humenya gome kwa uangalifu na kuuacha uso wa chini yake kama Mungu alivyouumba, na uchongaji wote huufanya upande wa tumbo na ubavuni.

Hapa ndipo unyoofu wa macho unapoachana na unyoofu wa mti. Ukiupitisha msumeno katika mti wenye kombo utapata ubao ulionyooka kama mstari wa rula, lakini kila mahali palipokuwa na kombo nyuzi zitakuwa zimekatwa. Ubao huo hupendeza ukiuegemeza ukutani. Uvute, utavunjika. Fundi wa pinde hupasua kwa shoka na kabari, kwa kuwa mti unaopasuka hufuata uzi wake wenyewe. Uzi ukienda kushoto, upinde nao utaenda kushoto. Mafundi wa majahazi wa Lamu na Unguja wanaijua siri hii tangu zamani. Mataruma, yaani mbavu za chombo, huyatafuta katika miti iliyojipinda yenyewe, ili uzi uzunguke pamoja na ubavu wa chombo. Taruma lililokatwa kwenye ubao ulionyooka lingepasuka mahali pale pale linapohitajika zaidi.

Kisha kuna mafundo. Fundo ni shina la tawi lililozaliwa ndani ya mti, na nyuzi zake zimelala kukingama na nyuzi za shina. Zile za shina hazikatiki zinapolifikia; hugawanyika, hulizunguka na kukutana tena mbele, kama maji ya mto yanavyopita jiwe. Nguvu ya mahali hapo imo katika nyuzi hizo zinazozunguka. Kwa hiyo fundi halisawazishi fundo ili mgongo uwe laini. Huliacha na kivimbe chake, na ubavuni huutanua upinde kidogo ili nyuzi za mzunguko zipite zote bila kuguswa. Fundo likiwa limeoza, hulikwangua mpaka kwenye mti mzima, akabaki na tundu, na pande zote mbili za tundu akaacha mti wa kutosha kubeba mzigo. Asiyejua akiuona upinde wa namna hii, umenenepa hapa, umevimba pale, hudhani ni kazi ya mtu mvivu aliyeshindwa kupiga msasa. Kumbe kila kivimbe ni uamuzi.

Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wana ustadi huu mpaka leo. Mtoto wa kiume hupewa upinde wake mdogo akiwa na umri wa miaka 3 hivi, na tangu hapo upinde na mkono wake havitengani. Miti yao ya pinde wanaijua kwa jina na kwa mahali inapoota. Mmoja wanaoupenda ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Dombeya kirkii. Ugwe hutengenezwa kwa kano za wanyama. Pinde zao si za kuchezea: nyingi huhitaji nguvu ya kilo 30 na zaidi ili kuvutwa kikamilifu. Chombo chenye nguvu hiyo hutoka katika tawi la kichakani, kwa shoka, kisu na moto, bila rula wala jiliwa. Kinachofanya kazi ya vifaa hivyo ni jicho lililozoea na kidole gumba kinachopita juu ya mti kikitafuta penye unene uliozidi.

Wengine waliosafiri njia hii wako mbali na Eyasi, na walifika pale pale. Mary Rose, meli ya kivita ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza, ilizama mwaka 1545, na mabaki yake yalipoopolewa mwaka 1982 watu walikuwa wamekwisha kupata pinde zaidi ya 100 ndani yake. Zilichongwa kwa mti wa yu, ambao hauishiwi mafundo, na mafundi wa mfalme, waliokuwa na kila kifaa cha zama zao, waliyaachia mafundo hayo vivimbe. Huko Marekani, katika mabonde ya Texas, Oklahoma na Arkansas, hukua mti wa manjano wenye miiba, mgumu, uliopindapinda kupita kiasi, nao ndio ambao Waosage na Wakomanchi waliuthamini kuliko mingine kwa pinde. Fundi wa mti huo huchagua pete moja ya ukuaji, akaifuata kutoka ncha hadi ncha, akipanda nayo inapopanda na kushuka nayo inaposhuka. Watu hawa hawakufundishana. Mti wenyewe ndio uliowapa wote somo moja.

Kuufuata uzi hakumaanishi kuuachia mti kila kitu. Upinde ukienda kombo mno, ugwe hautapita katikati ya mshiko, nao utajigeuza mkononi. Hapo fundi huomba msaada wa moto. Tumezoea kuambiana kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na katika malezi nakubali. Lakini mti uliokauka nao hukunjika, mradi mtu asiwe na pupa. Hupakwa mafuta, hushikwa juu ya makaa bila kuguswa na mwali, hugeuzwa mpaka joto lipenye kiini, kisha hukunjwa polepole na kufungwa hapo hadi upoe. Na hata hapo fundi hanyooshi kombo lote. Hurekebisha kiasi cha kuuleta ugwe mahali pake, basi. Makombo mengine huyaacha, kwa kuwa hayauzuii mshale kwenda.

Sehemu ngumu kuliko zote huja mwisho, kusawazisha mpindo, na hapa mti uliopinda humdai fundi kuliko ulionyooka. Unene ndio unaotawala ukakamavu wa mti: ukipunguza upana kwa asilimia 10, ukakamavu hupungua kwa asilimia 10 hiyo hiyo, lakini ukipunguza unene kwa asilimia 10, hupungua kwa zaidi ya robo. Mkwanguo mmoja wa pupa unaweza kuharibu kazi ya siku nyingi. Fundi hukwangua kidogo, huvuta kidogo, hutazama, hukwangua tena. Anachotafuta ni kila sehemu ibebe fungu lake. Sehemu nene isiyopinda huitupia jirani yake mzigo wote, na jirani huyo ndiye huvunjika, ingawa mkosaji ni yule aliyekataa kufanya kazi.

Kwa upinde ulionyooka, jicho hutazama tu kama tao limekaa sawa pande zote. Kwa upinde wa makombo kipimo hicho hudanganya. Mahali palipozaliwa pameinama pataonekana pamepinda mno kabla hata ugwe haujafungwa, na palipozaliwa na nundu pataonekana pakaidi hata panapojitahidi sana. Fundi akilifuata tao atakwangua mahali pasipostahili na kupaacha panapostahili. Kwa hiyo huchora kwa mkaa ukutani umbo la upinde ukiwa umelala, kisha huuvuta na kulinganisha. Haulizi sehemu hii inafananaje na ile. Huuliza imesogea kiasi gani kutoka pale ilipoanzia. Sehemu zote zikisogea kwa haki, upinde umekamilika, hata kama macho ya mpita njia yanaona fimbo ya nyoka.

Kwa kipimo hicho ningependa vijana wetu wafundishwe useremala wa kila aina. Mti ulionyooka humruhusu mwanafunzi kufanikiwa bila kujua kwa nini, kwa kuwa rula na uzi wa mti vimekubaliana tangu mwanzo. Mti wa mafundo humnyima raha hiyo: kila hatua humlazimisha kuuliza nyuzi zinapita wapi na mzigo unabebwa na nani. Na ujuzi huo unahitaji nyika yenyewe ibaki. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini walipata hati ya kimila ya kuimiliki ardhi yao kwa pamoja, na naihesabu hati hiyo kuwa kifaa cha kazi sawa na shoka na kisu, kwa sababu kichaka kikigeuzwa mkaa chote, hakuna jicho litakalojifunza kukisoma. Basi kijana akitaka kujifunza, apewe tawi lenye kombo na mafundo mawili matatu, akae na mzee anayelijua, na asipewe rula mpaka aweze kuonyesha kwa kidole uzi mmoja unapoanzia na unapoishia.