Jeni Si Mbegu: Pamba ya Bt na Mtihani wa Igunga

Mkulima wa pamba wa Igunga au Nzega, mkoani Tabora, ukimuuliza adui yake, atamtaja funza wa vitumba kabla hujamaliza swali. Nondo hutaga mayai kwenye machipukizi, funza anaanguliwa, anatoboa kitumba na kujichimbia ndani. Akishaingia, dawa ya pampu haimpati. Ndiyo maana habari za pamba inayomuua funza yenyewe zilipata wasikilizaji mapema Tabora. Sudan iliiruhusu mwaka 2012. Kenya ikafuata Desemba 2019. Tanzania haijairuhusu, na mjadala wake, uwe wa kijiweni Kitete au wa ukumbini Dodoma, huishia kwenye maswali mawili: je, inafanya kazi, na je, ni salama?

Yote mawili yana majibu. Kosa letu ni kuyatafuta ndani ya jeni peke yake. Ukifuatilia nchi zilizopanda pamba hii, utaona jeni ile ile imefaulu hapa na kushindwa kule. Kilichotofautiana ni mbegu iliyoibeba, mdudu aliyelengwa na njia ambayo mbegu ilipita kumfikia mkulima.

Tuanze na jeni. Imetoka kwa bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus thuringiensis, na Bt ndicho kifupi chake. Mjapani Ishiwata alimkuta mwaka 1901 ndani ya viwavi wa hariri waliokuwa wakifa. Mjerumani Ernst Berliner alimtenga mwaka 1911, na baadaye akampa jina kwa mkoa wa Thuringia. Bakteria huyo hutengeneza protini za jamii ya Cry. Pamba ya kizazi cha pili, iliyopelekwa Burkina Faso, India na Kenya, ina jeni mbili za namna hiyo: Cry1Ac na Cry2Ab.

Funza akila jani, protini inayeyuka tumboni mwake kwa sababu tumbo hilo lina alkali. Vimeng'enya vyake vinaikata, inajishikiza kwenye vipokezi maalumu vya ukuta wa utumbo na kuutoboa. Funza anaacha kula, na baada ya siku chache anakufa. Tumbo la binadamu lina asidi, protini hiyo inasagwa kama protini nyingine, na utumbo wetu hauna vipokezi vile. Mafuta ya pamba yaliyosafishwa hayabaki na protini ya kuhesabika. Mashudu wanayolishwa ng'ombe yanayo, lakini sumu ya kuangaliwa kwenye mashudu ni gosipoli, na hiyo imo katika pamba ya kawaida tangu zamani. Kwa upande wa mlaji, basi, hofu kubwa haina msingi.

Lakini ufundi huo huo una mpaka. Protini inayomchagua funza inawaacha wengine. Vidukari, chawajani na kangambili hufyonza utomvu na hawaguswi. China ilijifunza hili kaskazini mwa nchi: dawa za funza zilipopungua, kunguni wa mimea waliongezeka hadi kuwa wadudu wakuu wa pamba na hata wa miti ya matunda. Faida nayo ilikuwepo, kwa kuwa wadudu rafiki wanaokula vidukari waliongezeka pia. Anayemwambia mkulima kwamba atatundika pampu yake moja kwa moja anamdanganya.

Hapa ndipo kazi ya kituo cha utafiti wa pamba cha Ukiriguru inapostahili kutajwa. Chawajani aliwahi kuwa tishio kubwa la pamba Afrika, na hakushindwa kwa jeni ya bakteria. Alishindwa kwa nywele za majani. Wazalishaji wa mbegu, wakianzia Barberton huko Afrika Kusini katika miaka ya 1920, walichagua mimea yenye majani ya nywele ndefu zinazomzuia mdudu huyo, na watafiti wa Ukiriguru wakaendeleza sifa hiyo kwa ajili ya Kanda ya Ziwa na Tabora. UK77, UK82, UK91 na UKM08 ni matunda ya ukoo huo. Kila moja ni mkusanyiko wa sifa: majani yenye nywele, uvumilivu wa magonjwa, urefu wa nyuzi, kiasi cha nyuzi kinachotoka jineri. Sifa hizo hazifuati jeni ya Bt. Lazima mtu azihamishe kwa makusudi.

Burkina Faso ilidhani imefanya hivyo. Kampuni ya Monsanto na taasisi ya utafiti ya INERA zilichukua pamba ya Marekani yenye jeni mbili, zikaipandisha na mbegu za Burkina, kisha uzao ukarudishwa kwa mzazi wa kienyeji kizazi baada ya kizazi ili ubaki na jeni ngeni tu na mengine yote yawe ya nyumbani. Biashara ilianza mwaka 2008. Shambani matokeo yalikuwa mazuri: mavuno yalipanda kwa takriban asilimia 20 na upuliziaji ukashuka kutoka mara sita hadi mbili. Miaka michache baadaye, sehemu kubwa ya pamba ya nchi ilikuwa ya Bt.

Tatizo lilijitokeza jineri. Nyuzi zilikuwa fupi kuliko zamani, na kila tani ya pamba mbegu ilitoa nyuzi pungufu. Pamba ya Burkina iliyokuwa ikilipwa vizuri kwa urefu wa nyuzi ilishuka daraja sokoni. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba kazi ya kurudisha uzao kwa mzazi, ambayo kwa kawaida hurudiwa mara sita au zaidi, ilikatishwa mapema. Kampuni za pamba zilidai fidia ya zaidi ya faranga za CFA bilioni 48, na kufikia 2016 nchi ilikuwa inarudi kwenye mbegu zake. Jeni haikuharibika. Iliyofeli ni mbegu. Watu wa Unyanyembe, Tabora ya zamani, wasingeshangaa jambo hilo: katika karne ya 19, merikani, yaani kitambaa cha pamba cha Marekani, ilipokuwa fedha ya misafara, walijua kuichagua nzuri na kuikataa hafifu. Soko la pamba halinunui funza waliokufa, linanunua nyuzi.

India ilipata somo la pili. Iliruhusu pamba ya Bt mwaka 2002, na baada ya muongo mmoja zaidi ya asilimia 90 ya eneo la pamba lilikuwa la Bt. Funza wa vitumba alidhibitiwa, lakini funza wa pinki akajenga usugu, kwanza Gujarat dhidi ya Cry1Ac, kisha dhidi ya jeni zote mbili. Msimu wa 2017 wakulima wa Maharashtra walipata hasara kubwa. Kanuni ilidai kila mkulima aache ukanda wa pamba ya kawaida, ili nondo wasio sugu waendelee kuzaliana na kupunguza nguvu ya wachache walio sugu. Wengi hawakuupanda. Marekani, ambako ukanda ulizingatiwa Arizona na nondo wagumba wakaachiwa kwa wingi, ilitangaza mwaka 2018 kwamba funza wa pinki ametokomezwa katika maeneo yake ya pamba.

Kwa Tabora tofauti ya funza hawa wawili ni muhimu sana. Funza wa pinki hutegemea pamba karibu peke yake. Funza wa vitumba hula pia mahindi, nyanya, mbaazi na dengu, mazao yaliyotawanyika katika mashamba ya Igunga na Nzega. Mazao hayo yangekuwa hifadhi ya asili ya nondo wasio sugu bila kanuni yoyote. Katika hili mchanganyiko wa mazao ya mkulima wetu mdogo unamsaidia kuliko shamba la zao moja.

Njia ya mbegu ndiyo inayotukwaza. Kenya ilichagua chotara kutoka kampuni ya Kihindi ya Mahyco, mbegu ya kununuliwa upya kila msimu, na mbegu ilipochelewa kufika kutoka nje, mkulima wa Busia au Homa Bay alichelewa pia. Kwetu mbegu kwa miaka mingi imetoka jineri: pamba inachambuliwa, mbegu za manyoya zinarudi shambani. Pamba ya Bt ikiingia kwenye mzunguko huo, kila gunia litakuwa na mchanganyiko, na mkulima hatajua mche upi unajilinda na upi unahitaji dawa. Igunga imekuwa shamba la kuzalisha UKM08 kwa sababu haina ugonjwa wa mnyauko fuzari. Kilichochanganyika Igunga leo, kesho kitakuwa Shinyanga na Simiyu, ikiwemo Meatu, ambako kuna wakulima wa pamba hai wanaouza kwa sharti la kutokuwa na mbegu za uhandisi jeni.

Tena Tabora ni nchi ya asali. Protini za Cry za pamba hazimuui nyuki; dawa za kupuliza zinamuua, hivyo kupunguza dawa ni heri kwa mzinga. Lakini nyuki hubeba chavua, na mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba asali yenye chavua ya zao la uhandisi jeni lisiloruhusiwa huko haiwezi kuuzwa bila kibali. Sheria ya 2014 ililegeza suala la lebo, haikuondoa haja ya kibali. Mfuga nyuki wa Sikonge hana pamba, ila anaweza kuulizwa swali la pamba ya jirani.

Tulishaonja namna ya kutofanya mambo haya. Jaribio la mahindi ya uhandisi jeni lilianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na Novemba 2018 serikali ikaamuru lisimamishwe na mabaki yateketezwe. Kusimamisha hakujibu swali, wala kuruhusu kwa haraka hakungejibu.

Ushauri wangu una utaratibu. Kwanza, mbegu zote za pamba zisafishwe manyoya, zifungashwe na kuwekwa lebo, zikiwa na msimamizi anayejulikana. Faida itaonekana hata kama Bt haitaingia kamwe, kwa kuwa mavuno ya ekari yetu yanapunguzwa pia na uotaji mbaya, nafasi pana mno na palizi iliyochelewa. Pili, jeni ikiletwa, iwekwe ndani ya mbegu ya Ukiriguru na ipimwe jineri kabla ya kusifiwa shambani: urefu wa nyuzi, uimara wake na kiasi kinachotoka kwa kila tani. Tatu, mashamba ya mbegu ya Igunga yawekewe mpaka usiovukwa na jaribio lolote. Mkoa ambao haujatimiza sharti la kwanza hauna sababu ya kugombania la pili.