Profili ya volime si unabii: neno mbele ya kura juu ya likelemba yetu



Siku ya Mungu inayokuja tutapiga kura. Swali ni moja: feza ya likelemba yetu, watu 12, dola 50 kwa kila mumoja, jumla dola 600, iende kwa mwenzetu aichezeshe kwenye foreksi kwa kutumia profili ya volime, ao ibaki vile iko? Ndani ya grupe ya WhatsApp wengi wamesema ndiyo. Mumoja aliandika: «Ile haiko mchezo ya bahati, ile njo siyansi.» Mimi niko na lisansi ya agronomia, si ya uchumi. Lakini hii njia niliisoma na kuitumia karibu mwaka muzima, na ilinilia dola 140 zilizokuwa za mbolea. Kwa hiyo naomba munisikilize kidogo.

Tuanze na haki yake. Grafike ya kawaida inaonyesha bei ilivyotembea saa kwa saa. Profili ya volime inakaa kwenye ubavu wa grafike: ni mistari ya kulala, kila bei na mstari wake. Mstari mrefu maana yake pale watu walinunua na kuuza mingi. Mstari mfupi, bei ilipita mbio. Bei yenye mstari mrefu kuliko yote inaitwa POC, na sehemu inayoizunguka, yenye asilimia 70 ya biashara yote, ni eneo la thamani. Fikiria mama anayeuza bunga kwenye soko ya Kenya. Kama meka nyingi zilitoka kwa bei moja, na mbili tatu tu kwa bei ya juu, hauhitaji profesa akuambie bei gani watu wameikubali. Hiyo njo profili. Wazo ni zuri, na mimi mwenyewe lilinishika.

Tena, kwa sisi wa agronomia, lina asili nzuri. Mzizi wake ni kazi ya Peter Steidlmayer, mfanyabiashara wa Chicago Board of Trade, katika miaka ya 1980. Ile ni nyumba ya mahindi, soya na ngano. Yeye alihesabu muda: kila nusu saa ilipewa herufi yake, na herufi zilijipanga mbele ya kila bei. Kuhesabu volime pahali pa muda kulikuja nyuma. Shikeni hapa: mkataba wa mahindi wa Chicago unapita ndani ya nyumba moja. Ukisema volime, kuko hesabu ya kweli, mkataba kwa mkataba.

Sasa tuje kwenye telefone zetu. Foreksi haina nyumba moja. Mabenki na mabroka wanauziana wao kwa wao duniani kote. Hesabu ya mwaka 2022 ya Benki ya Malipo ya Kimataifa, ile ya Basel, ilisema ni dola trilioni 7.5 kwa siku. Hakuna anayeona biashara hiyo yote kwa wakati mumoja. Volime unayoiona ndani ya programu ya telefone ni nini basi? Kwa kawaida ni idadi ya mara bei ilibadilika kwa broka wako. Haihesabu feza, haihesabu mikataba. Ni sawa na kusimama kwenye mlango wa duka moja la Katuba, kuhesabu mara ngapi mwenye duka alifuta bei kwenye kibao, halafu kusema: «Nimejua bunga yote iliyouzwa Lubumbashi leo.» Wale wanaotufundisha kwa dola 50 kwenye Telegram hawasemi neno hili. Nilimaliza mafunzo yangu bila kulisikia hata mara moja.

Kosa la pili linahusu dirisha. Profili inategemea wapi unaanza kuhesabu. Anza siku ya kwanza, POC iko hapa. Anza siku ya tatu, iko pale. Mwalimu anachagua mwanzo wakati bei imekwisha kutembea, na kila kitu kinaonekana safi. Wewe uko mbele ya bei ambayo haijatembea bado, na POC yenyewe inahama hata wakati unaiangalia.

La tatu ni baya zaidi. Bei ikifika kwenye mstari mrefu na ikarudi, wanasema: «Unaona, ukuta!» Ikipita, wanasema: «Unaona, soko limekubali bei mpya!» Shuleni tulifundishwa kwamba dhana isiyoweza kukosa haiwezi pia kupimwa. Mbolea ikipandisha mavuno tunaisifu, ikiyashusha tunaisifu pia: ripoti hiyo profesa gani angeipokea?

Basi nilifanya vile tunafanya shambani: niliweka kipande cha kulinganisha. Kwenye konti ya mazoezi, isiyo na feza ya kweli, niliingia mara 60 kwa kufuata profili. Mara ingine 60 nilirusha kifuniko cha chupa ya Simba: kikianguka uso juu nanunua, kikianguka uso chini nauza. Faida na hasara nilizifunga kwenye umbali uleule. Profili ilishinda mara 29. Kifuniko kilishinda mara 31. Sisemi kifuniko kina akili. Mara 60 ni chache, na mwingine anaweza kupata matokeo mengine. Nasema tu kwamba sikuona kitu cha kunifanya nitoe feza ya mtu mwingine. Na pande zote mbili zililipa tofauti kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza, ambayo broka anaikata kila safari.

Tufanye pia hesabu ya hatari. Loti 0.10 ya dhahabu ni aunsi 10. Dhahabu ikienda dola 30 kinyume chako, jambo ambalo linaweza kutokea kwa siku moja, umepoteza dola 300. Nusu ya likelemba imekwenda mbele ya chakula cha mangaribi. Mwaka 2018 wasimamizi wa masoko ya Ulaya walitangaza kwamba asilimia 74 hadi 89 ya konti za watu wadogo kwenye biashara ya namna hii hupoteza feza. Wale wako na kura ya kila saa, na intaneti isiyokatika.

Na sisi wa Katanga tunajua bei inatoka wapi. Mwezi wa pili wa mwaka 2025 serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti inje kwa miezi 4, na bei iliyokuwa imelala ikapanda. Mstari gani wa profili ungeonyesha uamuzi huo? Mwaka 2024 ukame ulichoma mahindi ya Zambia, na kila mama wa hapa anayepika bukari alijua maana yake upande wa Kasumbalesa. Tukichimba shimo la profili ya udongo, tunasoma kile kilichopita pale: maji, chuma, mizizi. Ni somo kubwa, lakini hakuna mwanafunzi aliyepanda mahindi kwa sababu shimo lilimuambia mvua itanyesha kesho.

Sitaki mutoke hapa mukisema profili ni uongo. Mwenye kufanya kazi kwenye soko lenye hesabu ya kweli, na feza yake mwenyewe, anaweza kuitumia kujua wapi wengine waliuziana na wapi atakata hasara yake. Ni ramani ya jana.

Kwa mwenzetu anayeomba ile feza, ninakuheshimu na najua njaa ya kazi, juu hata mimi ninayo. Chukua daftari. Fanya mara 100 kwenye konti ya mazoezi, andika kila moja mbele ya kuingia, si nyuma, na weka kipande chako cha kulinganisha. Ukiisha, tuletee daftari tulisome pamoja. Kwa sasa kura yangu ni hapana. Mwezi huu zamu ya likelemba ni ya dada mumoja mwenye kulipa minervali ya mudogo wake, na yeye ametuhesabia sisi.