Hifadhi, Akiba na Kibanja: Maoni Juu ya Lugha ya Barabara Mkoani Kagera

Afisa istilahi hufundishwa mapema kulipima neno kwa dhana yake: je, linaibeba yote, bila kuzidi wala kupungua? Hafundishwi sana kumwuliza mtu ambaye neno hilo litamfika mlangoni. Makala haya yahusu swali hilo la pili, na mifano yake yote imetokana na safari ya kutoka Bukoba mjini hadi Muleba, kwenye barabara kuu iendayo Biharamulo na Lusahunga.

Safarini humo, kwenye ukuta wa nyumba iliyo kando ya barabara, palikuwa na alama ya X. Mwenye nyumba, bibi wa makamo, aliponijua kuwa mtu wa Kiswahili alinisomea karatasi aliyopewa, kisha akaniuliza: “Mwanangu, hapa wameandika niko ndani ya hifadhi. Hifadhi hii ina wanyama gani?” Nilicheka, kisha nikaona kwamba yeye hacheki.

Swali lake lina mantiki zaidi ya jibu nililompa. Katika Wilaya ya Muleba neno hifadhi si geni. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyopata hadhi hiyo mwaka 2019, inaingia ndani ya wilaya hiyo, na upande wa kusini, ziwani, kipo kisiwa cha Rubondo ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Kwa mfugaji au mvuvi wa huko, hifadhi ni mahali pasipoingiwa na mtu, palipowekwa kwa ajili ya viumbe wengine. Mtu huyo akiambiwa kwamba migomba yake imo ndani ya hifadhi ya barabara, anaelewa kuwa yeye ni mvamizi. Wala hakosei kulielewa neno. Neno lenyewe ndilo linalosema hivyo.

Hebu tulichunguze. Kuhifadhi ni kukilinda kitu kilichopo ili kisipotee wala kuharibika. Tunahifadhi nyaraka, nafaka na heshima. Mwanafunzi wa chuo huhifadhi msahafu moyoni. Lakini ardhi inayoachwa pande mbili za barabara haina kitu cha kulindwa. Imetengwa kwa jambo ambalo halijawa: siku moja barabara itapanuliwa, au mtaro utachimbwa, au bomba la maji na nguzo za umeme zitapita. Kiswahili kina jina la kitu kinachotengwa leo kwa haja ya kesho, nacho ni akiba. Mkulima wa Kamachumu anayefungia debe la maharage ya mbegu hahitaji kufafanuliwa maana yake. Tena neno akiba lina adabu moja ambayo hifadhi haina: humfanya msikilizaji aulize ni akiba ya nani, na itatumika lini. Hifadhi haiulizwi maswali. Inaheshimiwa au inavamiwa, basi.

Haya si mabishano ya maneno matupu. Kwa miaka mingi eneo hilo, kwa barabara kuu na za mkoa, lilihesabiwa mita 22.5 kila upande tangu katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 pamoja na kanuni zake za 2009 zikalifikisha mita 30. Hivyo palizaliwa aina mbili za wakazi. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 alichorewa X nyekundu, akaambiwa aondoke bila malipo. Aliye katikati ya mita 22.5 na 30 alichorewa ya kijani, maana yeye hakuifuata barabara. Mpaka ndio uliomfuata, na ardhi yake ikitakiwa hana budi kulipwa. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa familia, lakini karatasi ya bibi yule iliwaita wote “waliomo ndani ya hifadhi”. Rangi ya ukutani ilieleza sheria kwa usahihi kuliko istilahi.

Wenzangu wengine hujibu kwamba neno limekwisha kuota mizizi: limo katika vibao, magazetini na midomoni mwa wahandisi. Nakubali kwamba kulibadilisha ni gharama, na huenda tusiliweze. Nisilolikubali ni hoja ya kwamba wananchi wamelizoea. Wananchi wameizoea X. Neno lenyewe wamelivumilia. Ikiwa litabaki, basi kila hati inayolitumia na ieleze papo hapo ni mita ngapi, zahesabiwa kutoka wapi, tangu mwaka gani, na ni nani anayelipwa. Mimi ningependelea akiba ya barabara, na ningependa kuona tangazo moja tu lililoandikwa hivyo, tuwasikie watu wa Muhutwe na Izigo watauliza nini.

Neno fidia halina kosa. Kosa limo katika sifa zake. Sheria ya Ardhi ya 1999 yataka fidia iwe na sifa tatu, na wafasiri wengi huziandika “kamili, ya haki na kwa wakati”. Mbili za kwanza ni sawa. Ya tatu imepotoka. Kwa wakati ni kwa wakati wa nani? Gari la moshi hufika kwa wakati kwa sababu kuna ratiba iliyobandikwa stesheni. Mwenye nyumba hana ratiba. Mwenye nayo ni mlipaji, na kila siku atakayolipa aweza kusema ndiyo wakati wenyewe. Matini ya Kiingereza ina maana ya upesi, pasipo kuchelewa, na kanuni za 2001 zimeweka kipimo chake kuwa miezi sita, ambayo ikipita riba huanza kuhesabiwa. “Bila kuchelewa” lingetosha kabisa. Zamani tungejifariji kwamba likitokea shauri, hakimu atatazama Kiingereza. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, faraja hiyo inaondoka. Tafsiri mbovu haina tena mlinzi nyuma yake.

Sasa nije kwenye neno ambalo halimo katika fomu zetu. Mthamini anapopita kuorodhesha mali huwa na safu mbili: kiwanja na shamba. Kiwanja ni ardhi iliyopimwa ya kujengea. Shamba ni mahali pa kulima, ambapo mtu huenda asubuhi na kurudi jioni. Mhaya hana makazi ya namna hiyo. Yeye hukaa ndani ya kibanja: nyumba katikati, migomba imeizunguka, mibuni chini ya migomba, maharage chini ya mibuni, na makaburi ya wazee humo humo. Nje ya kibanja ni rweya, nyika ya majani. Udongo wa kibanja haukupatikana hivi hivi. Umelishwa samadi na matandazo kwa vizazi. Ukikata ukanda wa mita chache kutoka kibanja kwa ajili ya mtaro, huenda hukugusa nyumba hata tofali moja, lakini umeigusa jikoni na umegusa kaburi la babu. Katika fomu itasomeka “shamba, sehemu”.

Nimeona fomu ambayo karani, kwa nia njema, alisikia kibanja akaandika kiwanja. Tofauti ni herufi moja. Kwa kweli maneno haya ni ndugu wa tumbo moja, shina lao ni lile lile la Kibantu, ila b ya huko imelainika kuwa w huku, na kila moja limekwenda na maisha yake. Udugu huo ndio hatari yake. Karani akiandika kiwanja, mthamini hutafuta namba ya upimaji, haioni, na mwenye mali huonekana hana karatasi. Napendekeza kibanja kipokewe katika istilahi za uthamini kama kilivyo, wingi wake vibanja; Wahaya wenyewe husema ekibanja, ebibanja, kwa hiyo ngeli haitatusumbua. Tumekwisha kupokea maneno kutoka mbali zaidi ya Bukoba.

Mengine nitayapitia upesi. “Kujenga kwa kiwango cha lami” ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Barabara hujengwa kwa lami, au haijengwi kwa lami. Kiwango hapo hakina kazi ila kumpa msemaji nafasi ya kupumua. Mchepuko nao unabeba mizigo miwili: njia ya muda inayofunguliwa wakati wa ujenzi, na barabara ya kudumu inayoyatoa malori mjini. Kwa mji unaokua kama Bukoba, uliobanwa na ziwa upande mmoja na vilima upande wa pili, kuchanganya mambo hayo mawili katika mpango wa mji ni hatari, maana la kwanza huisha kwa miezi na la pili huamua watu wajenge wapi kwa miaka hamsini. La pili liitwe barabara ya kukwepa mji. Sitaji maana ya tatu ya mchepuko waliyoibuni vijana, ingawa ndiyo inayoeleweka upesi kuliko zote.

Barabara ya mlisho, kwa maana ya ile inayoleta mazao kwenye barabara kubwa, hunitatiza. Watu wa Pwani wamekuwa na Mlisho wao tangu zamani, nao ni mwezi wa Shaabani. Isitoshe, ni nani anayelishwa? Kahawa yatoka Rubya na Nshamba, lakini tope labaki huko huko.

Si haki kulaumu tu. Kipitashoto, walilolipata madereva kwa kusikia Kiingereza na kuelewa Kiswahili, ni zuri kiasi kwamba kamati ingekaa mwezi mzima isilipate. Ukifika Rwamishenye bila kulijua neno, bado litakuelekeza upande wa kupita. Tena kuna sehemu korofi, jina la pale barabara inapokatika kila mvua. Sijui ni nani aliyelibuni. Korofi ni mtu asiyesikia, anayekurudishia ugomvi ule ule kila mwaka, na katika nchi inayopata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kama Bukoba, kila dereva anazijua sehemu hizo kwa tabia kama anavyowajua jirani zake. Matengenezo ya sehemu korofi yalikuwa yakiendelea siku niliyorudi. Greda lilikuwa likichonga barabara, na nyumba ya bibi yule ilikuwa bado imesimama, na X yake.